Chanjo ya mdondo ya tone la jichoni: nimeitumia mwaka na nusu, inafanya kazi ila kichupa chao kikubwa mno

Oktoba 2023 nilikuwa na kuku 37, wote wa kienyeji, wa hapahapa Singida, nawajua mmojammoja. Jumanne jioni nikaona tetea mmoja kajikunyata pembeni ya pipa, mabawa yameshuka kama kavaa koti la baba yake, nikasema labda anataka kuatamia. Jumatano asubuhi kinyesi cha kijani kila mahali, wengine wanahema mdomo wazi, jogoo wangu mkubwa shingo imepinda anazunguka palepale kama katoka kilabuni. Jumapili nilikuwa nimebaki na kuku watatu. Ndo maana wanauita mdondo, wanadondoka tu, huyu hujamaliza kumfukia mwingine kashalala. Wengine mnauita kideri, na kwenye vichupa utakuta pameandikwa Newcastle, kutokana na ule mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Kirusi ni kilekile na hakina dawa, nasema mapema kabisa, kwa sababu mi nilihangaika na shubiri, mwarobaini, pilipili kichaa, na antibayotiki ya unga ya elfu nne niliyouziwa dukani, na muuzaji nilimweleza dalili zote mpaka ile shingo, akanyamaza akapokea hela.

Sasa kabla sijafika kwenye chanjo yenyewe niseme kwa nini kuku 37 kwangu ni msiba, maana najua kuna mtu atasoma hapa aseme huyu mama naye analilia kuku.

Mi nina mapacha, nilijifungua 2022. Wiki ya tatu baada ya kujifungua nikawa siwezi kulala chali, nikilala naona kama mtu kanikalia kifuani, naamka nakaa kitandani nahema, mito mitatu mgongoni ndo napata usingizi kidogo. Miguu imevimba ukibonyeza na kidole panabaki shimo. Kikohozi usiku. Kila mtu ananiambia ni uzazi mama, mapacha hao, unanyonyesha wawili, lazima uchoke. Zahanati moja wakasema nimonia, nikachomwa sindano siku tano na hali ikawa mbaya zaidi, kutoka chumbani kwenda chooni napumzika katikati ya ua. Shangazi yangu ndo alinibeba kwa lazima mpaka Dodoma, huko wakanipiga eko, ile ultrasaundi ya moyo, daktari akanionyesha kwenye skrini moyo wenyewe unavyopiga kivivu, akasema umetanuka, kila pigo unasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo ndani yake wakati wa mtu mzima unatakiwa uanzie kama 55 hivi. Ni ugonjwa unaojulikana, unawapata kina mama mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na hatari inakuwa kubwa zaidi kwa mwenye mapacha, mwenye presha ya mimba, au mwenye umri umeenda kidogo. Mi nilikuwa na vyote vitatu na hakuna aliyenitajia neno moyo kliniki nzima ya ujauzito.

Nilipewa dawa za kutoa maji, dawa za kuupumzisha moyo, chumvi nipunguze, ndoo za maji nisibebe, na mimba nyingine nisithubutu kabla ya kuongea nao. Wadada mnaosoma hapa, ukijifungua halafu ukawa huwezi kulala bila kuinua mgongo, au unashtuka usiku unatafuta hewa, hiyo siyo uchovu, wahi upimwe moyo, usikubali kuambiwa pumzika. Nimemaliza hilo.

Kwa hiyo biashara yangu ya zamani ya kukaanga mihogo stendi ikafa, kusimama na karai la mafuta masaa manane siwezi. Kuku ndo kazi pekee ninayoiweza nikiwa nimekaa. Tetea mmoja elfu kumi na tano, jogoo elfu ishirini na tano mpaka thelathini ikikaribia sikukuu, na safari moja ya Dodoma kwenda na kurudi na kula njiani inanitoka karibu elfu arobaini bado dawa. Yaani jogoo wawili ni kliniki moja. Ile Oktoba kliniki ilikuwa wiki inayofuata, sikwenda, dawa zikaisha nikakaa siku tisa bila, miguu ikaanza tena. Hapo ndo nilipoapa kwamba hawa kuku sitawafuga tena kwa kudra.

Chanjo ninayoiongelea ni ile ya I-2, ya tone moja jichoni. Mbegu yake, yaani kile kirusi cha mdondo kisicho na makali kinachowekwa kwenye chanjo, ilitengenezwa Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, halafu ikatolewa bure kwa nchi kama zetu watengeneze wenyewe, na ya kwetu inatengenezwa hapahapa Tanzania, kiwanda kipo Kibaha. Sifa yake kubwa ni kwamba inavumilia joto. Chanjo nyingi nyingine za mdondo zikitoka kwenye baridi muda kidogo tu zimekwisha kazi, hii ikiwa bado kavu ndani ya kichupa unaweza kuiweka wiki kadhaa kwenye joto la kawaida la nyumba bila friji, bora tu iwe gizani. Kwa sisi tusio na friji hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Ila hapo kwenye kuvumilia joto ndo wauzaji wanapopaharibu. Duka la kwanza nililoenda, Januari 2024, nimekuta vichupa vimepangwa kwenye kabati la kioo dirishani, jua la saa saba linavipiga kama vitenge vya maonyesho. Nikamuuliza kijana mbona ziko juani, akanijibu mama hii haihitaji friji. Kweli haihitaji friji, lakini haijasema inataka kuota jua, mwanangu. Kuvumilia joto siyo kuvumilia kila kitu. Nikaondoka. Duka la pili, la mama mmoja jirani na soko, anazo kwenye friji yake pamoja na soda, akatoa kichupa akanisomea tarehe ya mwisho kabla sijamuuliza, akakifunga kwenye gazeti bichi na kakipande ka barafu ndani ya mfuko mweusi, akaniambia usikae njiani, na dropa akanipa bure. Ndo dukani kwangu mpaka leo. Ukiingia duka la dawa za mifugo angalia kwanza chanjo imekaa wapi, mengine utayajua mwenyewe.

Kichupa ni elfu sita, dozi 100. Na hapa ndo lalamiko langu kuu. Mi wakati huo nilikuwa na kuku tisa! Wale watatu waliopona na sita nilioletewa na shangazi. Ukishachanganya chanjo hiyo ni ya palepale, huwezi kuweka zilizobaki ukasema ntatumia mwezi ujao, zinakufa. Kwa hiyo kuku tisa nilinunua dozi 100, dozi 91 nilizimwaga shimoni nikamwagia na jiki juu, roho inaniuma. Mfugaji wa kienyeji wa kawaida ana kuku kumi, kumi na tano, na chanjo hii wanatuambia ni ya wafugaji wa kienyeji, sasa kichupa wamempimia nani? Wangeleta cha dozi 20 hata kwa elfu mbili ningenunua bila kubisha.

Suluhisho nililikuta mwenyewe raundi ya pili, ntalisema chini.

Kuitumia sasa. Mi siwezi kukimbiza kuku, nikikimbia hatua ishirini moyo unagonga mpaka masikioni, na hii ndo sababu nyingine nikaipenda, kwa sababu unafanya saa kumi na moja alfajiri wakiwa bado kwenye kichanja, giza, wamepooza, unanyoosha mkono unamtoa mmoja kama unatoa nguo kabatini. Mi nakaa kwenye kigoda mlangoni na tochi ya simu, mtoto wa dada yangu anawashika. Kichupa kina kidonge kikavu chini, unaweka maji yake ya kuchanganyia kidogo, unatikisa taratibu mpaka kiyeyuke chote, unavuta kwenye dropa. Halafu kuku analazwa ubavu, kichwa kinashikwa jicho moja liangalie juu, unadondosha tone moja. Usimwachie hapohapo! Subiri apepese, ule utando wa jicho upite mara moja, uone tone limezama, ndo umwachie. Raundi ya kwanza mi nilikuwa nadondosha naachia, kuku anatikisa kichwa tone linarudi usoni kwangu, siku mbili jicho langu lilikuwa jekundu kama nimekatia vitunguu gunia zima. Inatokea, kile kirusi cha kwenye chanjo kinaweza kuwasha macho ya mtu, inapoa yenyewe, ila nawa mikono na usijishike uso.

Jambo jingine ambalo karatasi yao inalisema kwa maandishi ya sisimizi, dropa ishike wima kabisa. Ukiilaza tone linabadilika ukubwa, dozi zinaisha kabla ya kuku au kuku wanapata nusunusu. Na dozi ya kifaranga na ya jogoo ni sawasawa, tone moja, usijifanye fundi ukampa jogoo mawili kwa sababu ana mwili.

Kuna wanaosema si uweke tu kwenye maji ya kunywa. Inawezekana, ila kwa kuku wa kuzurura mi naona ni kujidanganya. Huyu kanywa, yule kapita zake kwenye mtaro wa jirani, mwingine kaingia miguu yote miwili ndani ya chombo. Halafu maji ya bomba yana klorini na klorini inaiua chanjo kabla kuku hajafika, watu wanaweka maziwa ya unga kidogo kuizuia, sawa, kwa mwenye broila elfu moja bandani ina maana. Kuku ishirini shika mmojammoja.

Je imefanya kazi? Julai 2024 mdondo ulirudi mtaani, ule upepo wa kiangazi ukianza tu na kuku wa mnadani wanaanza kuingizwa ovyo. Nyumba ya ng'ambo ya barabara walikuwa na kuku kama hamsini, wakabaki na bata. Kwangu wakubwa 26 hakufa hata mmoja, hata kulegea hawakulegea, wanachakura palepale kwenye majani ambayo wa jirani walikuwa wanafia. Ila nisidanganye, nilikuwa na vifaranga 11 walioanguliwa baada ya raundi ya mwezi wa nne, sikuwachanja kwa sababu nilisema wasubiri raundi ya Julai na watu wote. Walikufa 8. Hilo ni kosa langu siyo la chanjo, kifaranga anaweza kuchanjwa hata akiwa mdogo kabisa, tatizo linarudi palepale, kufungua kichupa cha dozi 100 kwa ajili ya vifaranga 11 mkono unakuwa mzito.

Nimeshasikia pia watu wakisema chanjo hii inaua kuku, eti wamechanja Jumatatu, Ijumaa wamekufa. Ukiwahoji vizuri utakuta walikimbilia dukani baada ya kuona wawili watatu wameanza kulegea. Kuku aliyeshaingiwa na kirusi chanjo haimrudishi, na aliye mzima anahitaji kama wiki mbili hivi kinga ikae sawa. Ukichanja wakati jirani kashaanza kuzika umechelewa kidogo. Halafu hii ni ya mdondo tu! Gumboro ina yake, ndui ina yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, na kuhara damu wala siyo kirusi. Jirani yangu mmoja kuku zake zilitoka vipele usoni na machoni, ndui kabisa, akaja kunilalamikia mimi kwamba tone langu feki.

Kingine cha kujua, kinga haikai. Mi narudia kila miezi mitatu, wapo wanaorudia miezi minne, zaidi ya hapo unacheza kamari. Ndo kasoro ya pili, maana miezi mitatu inakuja haraka kuliko unavyodhani na bwana mifugo hakupigii simu kukukumbusha. Mi nimeifunganisha na kliniki yangu, maana na mimi Dodoma narudi kila miezi mitatu, kadi ya moyo na tarehe ya kuku nimeandika kwenye kalenda moja ya ukutani, rangi tofauti. Wiki moja kabla ya safari nachanja, halafu nauza jogoo wawili nasafiri. Tangu nianze hivyo sijakosa dawa hata siku moja, eko ya mwisho ilisoma asilimia 52, daktari akafurahi akaniuliza unafanya zoezi gani, nikamwambia nakaa kwenye kigoda nashika kuku.

Sasa lile suluhisho la kichupa. Raundi ya pili nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaambia mama fulani, baba fulani, leteni kuku wenu Jumamosi alfajiri kwangu, shilingi mia moja kila kuku. Kichupa elfu sita kwa dozi 100 ni shilingi sitini kuku mmoja, hiyo arobaini inayozidi ni ya barafu, bodaboda na usingizi wangu. Siku ya kwanza wamekuja watu wanne tu, mmoja kaleta kuku watatu ndani ya ndoo na mfuniko juu nusura wafe kwa kukosa hewa kabla ya mdondo. Baada ya ile Julai hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Raundi iliyopita nilimaliza vichupa viwili na dozi kumi za cha tatu. Na kiukweli hii ndo njia yake, kwa sababu hata wa kwako ukiwachanja wote, jirani asiyechanja ndo shamba la ugonjwa, vifaranga wako wapya watauokota kwake. Nawapokea nje ya geti lakini, kuku wa mtu haingii bandani kwangu, na aliyenunua mpya mnadani namwambia akamfungie peke yake wiki mbili kwanza. Wanaudhika. Waudhike tu.

Kwa nyota mi naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ukubwa wa kichupa na yale maandishi ya sisimizi, kazi yenyewe sina cha kusema. Duka la mama jirani na soko nampa tano zake zote, na lile la kabati la kioo nimepita juzi, bado ziko dirishani.

Wa mtaani kwangu, raundi ijayo ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na moja na nusu mwisho, jua likitoka nafunga. Leteni kuku kwenye tenga au boksi lenye matundu, siyo ndoo, wafungwe miguu, na wale wawili mnaodaiwa za raundi iliyopita mnajijua, njooni nazo mkononi.